Mti mmoja, bei tatu: mizani ya miti ya umma inavyomgusa mkulima na mfanyabiashara mdogo

UKISAFIRI kutoka Mafinga kuingia ndani ya Wilaya ya Mufindi, si rahisi kwa mgeni kujua shamba la miti la serikali linaishia wapi na la mwanakijiji linaanzia wapi. Pande zote mbili ni paina. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Mbao zikishafika sokoni Dar es Salaam, hakuna mnunuzi anayeuliza zimetoka upande gani wa mpaka.

Lakini siku ya kuuza, miti hiyo haipimwi kwa mizani moja. Mti wa serikali hupigiwa hesabu kwa mita za ujazo, kwa viwango vilivyotangazwa katika Gazeti la Serikali. Mti wa mwanakijiji mara nyingi huuzwa kwa macho. Dalali anazunguka shambani, anahesabu safu mbili tatu, anataja bei ya eka nzima, na mwenye shamba anayedaiwa ada ya mtoto anakubali.

Na ukienda Muheza mkoani Tanga au Mvomero mkoani Morogoro, kwenye mashamba ya mitiki ya Longuza na Mtibwa, utakuta serikali hiyo hiyo ikiuza miti yake kwa njia nyingine kabisa: mnada.

Hapo ndipo linapozaliwa swali linalowahusu wapanda miti, wapasua mbao na wauza mbao wa nchi nzima. Je, mti wa umma una thamani gani, na nani anaijua? Swali hili si la ofisini tu. Bei ya serikali ndiyo kivuli ambacho bei ya mkulima binafsi hukaa chini yake. Kivuli kikipinda, na yeye anapindishiwa.

Bei ya jedwali

Chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ada na mrabaha wa mazao ya misitu hupangwa na serikali kwa njia ya kanuni. Misitu na mashamba ya serikali kuu husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ambao ulianza kazi mwaka 2011 na kuchukua majukumu ya utendaji yaliyokuwa chini ya Idara ya Misitu na Nyuki.

Katika shamba la Sao Hill, ambalo ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, njia iliyozoeleka kwa miaka mingi ni mgawo. Wanaohitaji miti huomba, wanaokubaliwa hupewa kibali cha kiasi fulani cha mita za ujazo, na hulipa kwa viwango vya jedwali kulingana na aina na unene wa mti.

Jedwali lina faida zake. Mnunuzi anajua mapema atalipa nini, na ofisa hana nafasi ya kumpangia kila mtu bei yake. Mwenye mtaji mdogo naye hapambani na tajiri.

Udhaifu wake ni kwamba jedwali halitembei na soko. Bei ya mbao hupanda na kushuka kila msimu, wakati kanuni hubadilishwa pale tu serikali inapoamua. Bei ya jedwali ikibaki chini ya soko kwa muda mrefu, kibali chenyewe kinageuka kuwa bidhaa. Aliyepata mgawo bila kuwa na mashine wala shoka anaweza kumuuzia mwenye mashine haki ya kuvuna, na tofauti ikaishia mfukoni mwake. Serikali inakosa fedha hiyo, na mpasua mbao anayefanya kazi halisi haipati.

Jedwali likipandishwa ghafla juu ya soko, maumivu yanahamia upande wa pili. Mfanyabiashara aliyekwisha ahidi mbao kwa bei ya jana anajikuta akinunua miti kwa bei ya leo.

Kuna pia suala la umbali. Mti ulio kando ya barabara na mti ulio bondeni, ambako trekta linaingia miezi ya kiangazi tu, haviwezi kuwa na thamani sawa kwa anayevuna. Jedwali linaloangalia unene peke yake linawapa watu wawili mzigo tofauti kwa bei moja.

Sentimita mbili zinazokula mamilioni

Hata kabla ya bei kuna kipimo. Mti uliosimama hupimwa kipenyo chake katika kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kisha urefu wake. Kwa kuwa mti unachongoka kadiri unavyokwenda juu, hesabu hupunguzwa ili isiwe ya nguzo iliyonyooka. Wataalamu wana majedwali ya kila aina ya mti, lakini kwa makadirio ya haraka ya paina watu huzidisha kwa 0.45.

Tuchukue paina yenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 20. Hesabu inatoa takriban mita za ujazo 0.64. Mpimaji akilegeza mkono na kuandika sentimita 28, mti huo huo unakuwa na mita za ujazo 0.55. Sentimita mbili tu zimeondoa karibu asilimia 13 ya mti.

Kwa miti 500, tofauti hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 40. Na kama sentimita hizo zinauvusha mti kutoka daraja moja la unene kwenda jingine, hasara inaongezeka, kwa sababu bei ya kila mita ya ujazo nayo inabadilika. Mabishano mengi kuhusu bei za misitu yangepaswa kuanzia hapa, kwenye utepe wa kupimia, kabla ya kufika wizarani.

Bei ya mnada

Mitiki imechukua njia nyingine. Ni mti wa thamani kubwa, soko lake kubwa liko ng'ambo, hasa India, na wanunuzi wake ni wenye mitaji. Kuiuza kwa mnada kunaacha soko lenyewe liseme. Anayeona faida anapanda dau, asiyeiona anakaa kimya, na serikali inapata bei iliyo karibu na ukweli wa siku hiyo.

Hata hivyo, mnada si dawa ya kila ugonjwa. Wanunuzi wakiwa wachache na wanajuana, wanaweza kupatana pembeni nani achukue fungu lipi, na dau likabaki pale pale lilipoanzia. Mafungu yakiwa makubwa mno, mfanyabiashara mdogo hana hata nafasi ya kunyoosha mkono. Anasubiri mshindi wa mnada, kisha ananunua kwake kwa bei ya pili.

Jambo jingine ni bei ya kianzio. Kila mnada unahitaji kiwango ambacho muuzaji hatashuka chini yake. Kama kiwango hicho kinatoka katika jedwali lile lile linalolalamikiwa kuwa halifuati soko, basi kasoro ya njia ya kwanza imeingizwa kimyakimya katika njia ya pili.

Bei ya kinachobaki

Njia ya tatu ni ya wahasibu. Unaanza na bei ya mbao sokoni, unaondoa gharama za kukata, kukokota, kupasua na kusafirisha, unaondoa faida ya haki ya mfanyabiashara, na kinachobaki ndiyo thamani ya mti uliosimama. Kwenye karatasi hakuna njia yenye haki zaidi. Tatizo ni gharama za nani zinaondolewa, na mashine ya nani inapigiwa hesabu.

Mfano ufuatao ni wa kufikirika, kwa ajili ya kuonyesha hesabu tu. Mita moja ya ujazo ya mbao iuzwe Sh400,000. Kiwanda kizuri kinatoa nusu ya gogo kuwa mbao, kwa hiyo mita moja ya gogo inaleta Sh200,000. Mashine ndogo zinazohamishika, zile ambazo wenyeji wa Nyanda za Juu Kusini wanaziita dingdong, zina msumeno mnene unaogeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi na mabanzi. Ikiwa inatoa asilimia 30 tu, mita ile ile ya gogo inaleta Sh120,000.

Gharama zote zikiwa Sh70,000 kwa kila mmoja, mwenye kiwanda anabakiwa na Sh130,000 na mwenye dingdong anabakiwa na Sh50,000, kabla ya kuondoa faida. Gogo ni lile lile, na thamani zimepishana zaidi ya mara mbili.

Serikali ikiweka bei kwa kumtazama mwenye kiwanda, wapasuaji wadogo, ambao ndio wanaoajiri vijana wengi vijijini, hawataweza kununua. Ikiweka kwa kumtazama mwenye dingdong, mwenye kiwanda anachukua mali ya umma kwa bei ya chini, na mpasuaji naye hana sababu ya kutafuta msumeno mwembamba. Kwa hiyo hesabu hii, iliyo nzuri kwenye karatasi, inahitaji uamuzi ulio wazi: kipimo ni mashine ya namna gani?

Misitu ya asili, hesabu nyingine tena

Ukiacha mashamba ya kupandwa na kwenda kwenye misitu ya asili ya Lindi, Pwani au Ruvuma, utaratibu unabadilika tena. Huko mrabaha hupangwa kwa madaraja ya aina za miti. Mpingo uko juu, mninga, mkongo na mvule ni miongoni mwa miti ya thamani inayofuata, na ile isiyo na jina sokoni iko chini.

Jina la mti, hata hivyo, halisemi yote. Mpingo mara nyingi umepinda, una mashimo na nyufa. Kwa watengenezaji wa vipande vya zumari kama klarineti na obo, sehemu inayofaa kwenye gogo huwa ndogo mno, mara nyingi chini ya moja ya kumi. Anayelipia gogo zima kwa bei ya daraja la juu analipia pia shimo lililo ndani yake.

Namna udhaifu wa kupima na kukusanya unavyoweza kuigharimu nchi ilionekana kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, na magogo ya Kilwa, Rufiji na Liwale yakapata njia rahisi ya kufika bandarini. Utafiti wa shirika la TRAFFIC uliotolewa mwaka 2007 ulikadiria kuwa hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao yaliyostahili kukusanywa huko yalikuwa yakipotea. Kwa nchi nzima, hasara ya kutokusanya mrabaha wa misitu ya asili ilikadiriwa kufikia dola milioni 58 za Marekani kwa mwaka.

Utafiti huo ulionyesha pia kuwa kumbukumbu za China ziliandika mbao kutoka Tanzania mara kumi zaidi ya zilizoandikwa na Tanzania yenyewe kuwa zimetoka. Rushwa ilihusika, na utafiti haukuficha hilo. Lakini rushwa hustawi mahali ambapo hakuna kipimo kinachoweza kuhakikiwa na mtu wa pili. Kama hakuna anayejua gogo lilikuwa na ujazo gani lilipoangushwa, hakuna anayeweza kuthibitisha kilichopotea njiani.

Vijiji vilivyoshika utepe vyenyewe

Katika Kilwa hiyo hiyo, baadhi ya vijiji vilichukua njia tofauti. Sheria ya Misitu inatoa nafasi kwa kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Mwaka 2009, kupitia mpango wa uhifadhi wa mpingo unaofahamika kama MCDI, vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia katika cheti cha kimataifa cha FSC, cha kwanza kutolewa barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji.

Kilichobadilika hapo ni zaidi ya cheti. Kamati za vijiji zilijifunza kuhesabu miti, kupima kipenyo, kuandika daftari na kujua ni mingapi inaweza kukatwa bila kuumaliza msitu. Mnunuzi alipokuja, alikutana na watu wenye tarakimu mkononi. Biashara ya namna hiyo ni tofauti sana na ile ya mwenyekiti wa kijiji kusaini karatasi ambayo hajui imeandikwa miti mingapi.

Ugomvi huu uko hata kwa wakubwa

Asidhani mtu kwamba tabu hii ni ya nchi changa peke yake. Marekani na Kanada zimekuwa zikigombana kuhusu bei za miti ya umma tangu mwaka 1982, na ugomvi huo haujaisha licha ya mikataba kadhaa. Sehemu kubwa ya misitu ya Kanada ni mali ya majimbo, na majimbo ndiyo yanayopanga bei. Wenye viwanda wa Marekani wanadai kuwa bei hizo ziko chini ya soko, hivyo ni ruzuku iliyofichwa. Kanada inakanusha.

Jimbo la British Columbia lilibadili utaratibu wake, likianza na ukanda wa pwani mwaka 2004 na kufuatia maeneo ya bara mwaka 2006. Sehemu ya miti ya umma, takriban moja ya tano, huuzwa kwa mnada. Matokeo ya minada hiyo hutumika kukokotoa bei ya miti inayobaki, ambayo huvunwa kwa vibali vya muda mrefu, kwa kurekebisha tofauti za umbali, aina na ugumu wa eneo.

Marekani haikuridhika, na si lazima Tanzania inakili utaratibu huo. Somo lililomo ni dogo na linafaa popote. Si lazima kila mti upigwe mnada, lakini njia zote za kuuza zinapaswa kuzungumza. Bei iliyopatikana kwenye mnada iwe ushahidi wa kurekebisha jedwali, na jedwali lieleze limefikiwaje.

Mkulima anapoteza wapi?

Kwa mkulima wa Njombe, Makete, Kilolo au Ludewa, haya yote yanarudi kwenye swali moja: eka yangu ni shilingi ngapi?

Wakulima binafsi wamepanda miti kwa wingi katika miaka ya karibuni. Mwaka 2014 ulianza mpango wa Panda Miti Kibiashara, uliofadhiliwa na Finland, na mwaka 2017 vikundi vya wapanda miti vikaunda umoja wao wa kitaifa, TTGAU. Miti ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni tarakimu siku ya kuuza.

Mnunuzi anapokuja kwa mkulima, kipimo anachokibeba kichwani ni bei ya shamba la serikali. Ikiwa miti ya serikali imeuzwa rahisi, mkulima ataambiwa kuwa hata serikali inauza kwa bei hii. Ikiwa bei ya serikali imepanda, mara nyingi mkulima hasikii kabisa, kwa sababu matokeo ya mauzo hayabandikwi kwenye mbao za matangazo za vijiji.

Wakati akisubiri serikali iweke mizani sawa, mkulima anaweza kuanza na yake. Anahitaji kamba yenye alama za mita, utepe wa fundi cherehani na daftari.

Kwanza, apime mraba wa mita 20 kwa 20 mahali panapofanana na sehemu kubwa ya shamba, asichague kona yenye miti minene. Eneo hilo ni karibu moja ya kumi ya eka. Kama shamba lina sehemu nzuri na mbaya, apime miraba miwili au mitatu na kuchukua wastani.

Pili, azungushe utepe kwenye kila mti katika kimo cha mita 1.3, na mahali penye mteremko apime akiwa upande wa juu. Mzunguko agawanye kwa 3.14 apate kipenyo. Mzunguko wa sentimita 88 ni kipenyo cha sentimita 28. Wa sentimita 94 ni kipenyo cha 30.

Tatu, apate ujazo wa kila mti. Kipenyo akiandike kwa mita, akizidishe chenyewe kwa chenyewe, kisha azidishe kwa 0.785, kwa urefu wa mti na kwa 0.45. Ajumlishe miti yote ya mraba, kisha azidishe kwa kumi. Kwa mfano, miti 24 yenye wastani wa mita za ujazo 0.55 inatoa 13.2 katika mraba, yaani kama mita za ujazo 132 kwa eka.

Makadirio hayo hayatakuwa sawa na ya mtaalamu, lakini yanabadilisha mazungumzo. Dalali aliyetaja bei ya eka sasa anaulizwa ananunua mita ya ujazo kwa shilingi ngapi. Anayejibu swali hilo anaweza kulinganishwa na dalali wa pili, na wa tatu.

Kipimo kimoja, njia nyingi

Hakuna ubaya kwa serikali kuwa na njia zaidi ya moja ya kuuza. Mitiki ya kusafirishwa nje, paina ya mjenzi wa Kibaigwa na mpingo wa Kilwa havifanani, na kulazimisha vyote viuzwe kwa njia moja kutawaumiza watu. Linaloumiza ni njia hizo kutokuwa na msingi mmoja, na watu kutoelezwa msingi huo.

Mambo matatu yangepunguza malalamiko mengi bila gharama kubwa. La kwanza, upimaji wa miti ufanywe mbele ya mnunuzi na mwakilishi wa kijiji jirani, na karatasi ya vipimo ibaki kwa wote. La pili, jedwali la bei lipitiwe kwa ratiba inayojulikana, ili mfanyabiashara apange mtaji wake kabla ya msimu. La tatu, matokeo ya kila mnada na mgawo yatangazwe: aina, ujazo, bei na mahali. Mkulima mwenye simu ya kawaida angeweza kujua kabla dalali hajabisha hodi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Miti huchukua miaka 15, 20 na hata zaidi kufikia kuuzwa, na shoka huimaliza kwa siku moja. Daftari likikosekana siku hiyo, hakuna ya pili ya kurekebisha hesabu mpaka miti mingine ikue.